Ngumbao Wawili na Kiranja Mmoja

Nilichaguliwa kiranja wa bweni kwa sababu moja tukufu: nimerithi jina la Ngumbao, babu wa babu yangu, aliyezuia wavamizi kwenye lango la mji kwa panga moja.

Kisha mwalimu wa historia akalileta darasa zima kwetu Kibokoni, kumsikiliza bibi yangu barazani.

"Ngumbao walikuwa wawili, binamu," alisema bibi. Akahamisha tambuu shavu hadi shavu, taratibu mno. "Mmoja alizuia lango. Mwenzake alitoroka kavaa buibui la mkewe."

"Na kiranja wetu amerithi jina la yupi, bibi?" aliuliza mwanafunzi mmoja.

Bibi alinitazama kwa mapenzi makubwa.

"Mume wangu," akaniita, kama bibi wa pwani wawaitavyo wajukuu, "nenda ndani ukawaletee wageni lile buibui."