Nyuki wa Bwana Halisi

Asubuhi hiyo jicho la kulia lilifunguka, la kushoto likagoma. Dada Mapokezi akajivuta hadi kwenye kioo cha bafuni, akakuta mtu asiyemjua. Chini ya kila jicho palikuwa na uvimbe wa rangi ya zambarau, kama mtu aliyeficha vitunguu viwili chini ya ngozi.

Akajifungia kwa komeo, akampigia simu mtaalamu wa urembo.

"Ulikanda?" mtaalamu akamuuliza, huku akitafuna kitu.

"Kidogo tu. Kwa taulo la moto."

"Nilikwambia usiguse. Njoo mchana nikudunge sindano ya kuyeyusha."

Kazi yake ilikuwa kukaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, ndiko alikopata jina. Kwa mwaka mzima wagonjwa walikuwa wakimtazama mabonde meusi chini ya macho na kumpa pole. Watu wenye meno yaliyooza, wameshika mashavu kwa maumivu, wanampa pole yeye! Mwishowe akaenda saluni kujazwa yale mabonde kwa sindano, na mumewe hakumwambia.

Hapo ndipo penye kazi. Mumewe mtaa mzima ulimwita Bwana Halisi. Alikuwa na mizinga mitatu ya masanduku nyuma ya nyumba, mahali alipokataza mtu yeyote kusogea, na hakuweza kuuza chupa ya asali bila hotuba. "Kitu halisi hakihitaji nyongeza," angesema, akiinua chupa juani. Nywele za bandia alizikemea, kope za bandia alizicheka, na jirani aliyewaletea maua ya plastiki alirudi nayo kwake. Dada Mapokezi alimpenda mno mume huyu. Akijua mkewe amejazwa dawa usoni, atamtazama kwa jicho gani tena?

Mlango ukagongwa. Alikuwa mama mkwe.

"Mwanangu, unatoka, au umehamia humo?"

Akatoka. Mama mkwe akarudi hatua moja nyuma. Bwana Halisi, aliyekuwa mezani, akaacha kutafuna.

"Nani kakufanya hivi?" mama mkwe akauliza.

Uongo ukamtoka kabla hajauchagua. "Nyuki. Nilikuwa naanika nguo, nikasogea karibu na mizinga."

Bwana Halisi akamtazama mkewe, akautazama mkate wake uliopakwa asali, kisha akamtazama mkewe tena.

"Nyuki?"

"Wawili. Mmoja huku, mmoja huku."

Mfugaji mwingine angekimbilia kutafuta miiba aing'oe. Yeye hakuinuka hata kitini. "Nyuki wangu hawaumi," akasema polepole.

Na ni kweli. Tangu waletwe hawakuwahi kumuuma mtu. Walikuwa nyuki wenye adabu zao, hata mvumo wao haukusikika jikoni, na asali yao haikukatika hata mwaka ule wa ukame.

"Leo wameuma," mama mkwe akasema, tayari anatafuta miwani yake. "Kesho wataua. Nampigia afisa nyuki aje aikague hiyo mizinga."

"Hapana, mama, usimsumbue mtu." Bwana Halisi alikwishasimama. "Nitaichoma mwenyewe. Sasa hivi."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii yake hata hatua mbili haikufika. Kupitia dirisha la jikoni Dada Mapokezi alimwona mumewe amevaa ovaroli jeupe, glavu na kofia ya wavu, anamwagia mizinga mafuta ya taa. Kibiriti kilikuwa tayari mkononi. Maskini, alikuwa analia ndani ya wavu. Mwanamume anayewaita nyuki "wanangu" anakwenda kuwateketeza, kisa yeye na uso wake.

Akawaza kuwa uso utayeyushwa mchana, lakini nyuki wakishaungua ndio basi. Liwalo na liwe. Akatoka mbio, miguu mitupu, jicho moja wazi, akajigonga kwenye mti wa kuanikia nguo, akafika.

"Usiwashe. Hawakuniuma."

Bwana Halisi akaganda, njiti mkononi.

Mkewe akamwaga mtama wote: saluni, sindano, taulo la moto. "Nilitaka nionekane nimelala vizuri, basi. Nimekudanganya, mume wangu. Nichukie mimi, lakini hawa viumbe hawana kosa."

"Nimekuelewa," Bwana Halisi akasema. "Sasa rudi ndani. Watakuuma."

"Waniume. Nimewasingizia, nastahili."

"Mke wangu, usifungue hapo."

Lakini alikwishafunga lile jicho moja, akashika kifuniko cha mzinga wa kwanza na kukiinua, akangoja adhabu yake.

Haikuja. Akafungua jicho. Ndani ya mzinga mlikuwa na chupa za asali ya dukani, zimepangwa safu kwa safu, na beseni la maji ambamo chupa nyingine zilikuwa zimelowekwa lebo zibanduke.

Bwana Halisi akavua kofia yake ya wavu, taratibu, akaikumbatia kifuani.

"Na mimi tangu asubuhi najiuliza," akasema, "ni nyuki yupi huyo aliyekuuma."