Mguu wa Emilia

Asubuhi ya harusi ya binti yake, mguu bandia wa Emilia ulipasuka chini ya goti. Akaupeleka Kizota kwa magongo, kwa fundi anayeziba matangi ya plastiki ya maji.

"Mama, kuna plastiki inayoyeyuka ikashikana upya," fundi alimwambia. "Nyingine ikipata moto inaungua tu, ndiyo basi."

"Na hii?"

"Mpaka tujaribu."

Marehemu mumewe ndiye angemsindikiza binti madhabahuni. Sasa ilikuwa zamu ya Emilia.

"Jaribu, mwanangu."

Chuma cha moto kiligusa ufa. Moshi ukapanda, Emilia akafumba macho.

"Tazama, mama."

Kingo za ufa zilikuwa zinang'aa, laini kama nta, zikivutana taratibu.

Emilia akatoa simu, akampigia binti yake. "Waambie wanisubiri," alisema.