Mizani Mbili Zilizopotea

Tangu siku bibi yake alipozikwa Matombo, Demetria alikuwa akiandika nyimbo za Kiluguru za marehemu, asije akazisahau. Wimbo wa kutwangia ulimshinda. Vina vilikaa sawa, kibwagizo kilirudi mahali pake, ila kila mstari wa mwisho ulikuwa na mizani sita badala ya nane.

“Shangazi, nimepoteza maneno ya bibi,” alisema, machozi yakimlengalenga.

Shangazi alicheka hadi akashika kiuno. “Msomi gani anaimba wimbo wa kutwanga amekaa? Shika mchi!”

Demetria akaimba. Mstari ulipokatika, mchi wa shangazi ukatua kinuni, na wake ukafuata: du! du!

Nane.

Demetria akapiga kigelegele, mpunga ukaruka.

Siku hizi mpunga wa nyumba ile haupelekwi mashineni.