Jino la Tatu

Jino lilipinda, likarudi, likapinda tena, lakini halikukatika. Melino alikuwa amepiga magoti jikoni, mkuki wa mumewe ameubana kati ya mawe ya kusagia, na nyundo ilikuwa imekwisha kumpiga kidole mara mbili. Hakulia. Muda wa kulia angeupata wapi?

Wazee wa Geraisto walikuwa wameamua. Kesho adhuhuri kila nyumba ya mvuvi wa jodari ingeleta mkuki wake ufukweni na kuuchoma kwenye udongo mbichi wa mfinyanzi, na alama zilinganishwe na jeraha la Dorkon, aliyeokotwa amekufa kwenye changarawe. Maiti ilikuwa ndani ya banda la mashua, imefunikwa tanga. Walioiona ni wazee watatu na mama mzazi, nao walikuwa wameapa kwa Poseidoni, mungu wa bahari, kwamba hawatafungua kinywa mpaka mikuki yote ipimwe.

Utadhani kulikuwa na siri. Mkuki wa jodari una meno matatu, na mtoto wa Geraisto analijua hilo kabla hajajua jina la babu yake. Kijiji kizima kilikwisha kusema: mashimo matatu kifuani, alama ya mungu wa bahari mwenyewe.

Na Theron, mume wa Melino, alikuwa amefungwa kamba tangu asubuhi. Aligombana na Dorkon mbele za watu juu ya mahali pa kuvulia, akamwambia atamchoma kama jodari. Jioni ileile alirudi nyumbani na damu kwenye mkuki. "Ya samaki. Kaniponyoka," alisema, akala, akalala. Melino hakumuuliza zaidi. Aliogopa kujibiwa.

Hatimaye jino likakatika. Alilifukia chini ya majivu, kisha akakipaka kisiki chake siki na chumvi, akarudia, akarudia, mpaka palipong'aa pakashika kutu. Mkuki wa meno mawili, uliovunjika zamani. Ungetoboaje mashimo matatu?

Ilibaki kila mtu aukumbuke hivyo.

Asubuhi alikwenda chemchemi na mtungi ambao haukuwa na haja ya kujazwa. Wanawake walikuwa wanabishana juu ya asili ya mkuki wa meno matatu, maana siku hizo hapakuwa na habari nyingine.

"Majitu yenye jicho moja ndiyo yaliyomfulia Poseidoni," alisema Bibi Nano. "Jino la bahari, jino la mito, jino la chemchemi kama hii."

"Acha hizo, bibi," alisema Gorgo, mke wa jirani yao Battos. "Mungu aliuona kwa wavuvi, akautamani. Jino moja, samaki anateleza. Mawili, anageuka. Matatu, anatulia."

Wakacheka. Melino akautua mtungi.

"Basi mume wangu anavua kwa bahati tu," alisema, akiikaza sauti isimsaliti. "Mkuki wake una meno mawili tangu majira ya baridi. Nimemwambia aupeleke kwa mhunzi mpaka nimechoka."

Kicheko kikakatika. Gorgo alimtazama kwa muda mrefu. Kisha Gorgo akamshika mkono.

"Mbona nakumbuka, dada," alisema polepole. "Ulivunjika kwenye mwamba. Wazee wakiuliza, nitasema mimi mwenyewe."

Melino alitaka kumbusu miguu. Hakuweza kusimama hivihivi, akatafuta neno lolote la kusema. "Mumeo hajambo? Sikumwona jana."

"Hajambo. Alikwenda Karisto kwa mhunzi, karudi amechoka hoi."

Adhuhuri Theron aliletwa ufukweni, mikono imefungwa. Alipouona mkuki wake mikononi mwa mkewe, alikunja uso.

"Umefanywa nini huo? Wangu una meno matatu."

Melino alitamani kumziba mdomo. Mwanamume huyu, hata kuokolewa hajui.

"Shemeji, woga umekuchanganya," Gorgo alisema, na sauti yake ikafika hadi kwa wazee. "Umevunjika tangu baridi. Sote tunajua."

"Sote tunajua," wanawake wakaitikia, hata Bibi Nano, ambaye tangu baridi hauoni hata mlango wake mwenyewe.

"Melino," Theron alisema. "Waambie."

"Una mawili," Melino alisema bila kumtazama. "Naapa kwa Poseidoni. Tangu baridi."

Kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu, pumzi ilimshuka hadi tumboni.

Wakaanza kuchoma udongo, mmoja baada ya mwingine. Matatu. Matatu. Battos alichoma wake, jino moja liking'aa kuliko wenzake kama lililofuliwa jana, nao ukaacha matatu. Mikuki kumi na tisa ikapita hivyo. Wa ishirini ulikuwa wa Theron, ukaacha mawili, na Melino nusura acheke.

Mzee Eumelo, mmoja wa wale watatu walioiona maiti, aliinamia alama ile kwa muda. Akaelekea bandani, watu wakamfuata, Melino mbele yao, kwa kuwa alitaka awe wa kwanza kuona.

Mama yake Dorkon alishika ncha ya tanga, akalifunua. Kifuani kwa mwanawe kulikuwa na mashimo mawili.