Simu ya Mapokezi

Sikudhani, mpokea simu wa hospitali ya mji, alivunjika mguu, akawa anashinda nyumbani akihofia kwamba mtu mwingine atapewa kiti chake. Asubuhi moja Makame, fundi wa simu wa hospitali, alibisha hodi, amekumbatia simu ileile ya mapokezi.

"Pole, dada. Nimekuletea kazi yako."

"Simu ya hospitali italiaje huku kwangu?"

Makame alichomeka waya kwenye kisanduku cha intaneti. "Hii haijali iko wapi. Inapita humu, inaingia mtandaoni, inajitambulisha kwa seva, ile kompyuta kuu iliyoko hospitali. Seva ndiyo inayojua kila namba iko kwa nani. Mtu akipiga mapokezi, italeta sauti yake kwako, na ukimpeleka wodini itamfikisha."

Taa ya kijani iliwaka. Makame hajafunga hata mkoba wake, simu ikalia.

Sikudhani aliweka khanga yake vizuri, kana kwamba anaonekana. "Hospitali, mapokezi. Nikusaidie nini?"

"Mke wangu Zawadi yuko wodi ya wazazi tangu jana," mwanamume alisema kwa kuhema. "Mimi niko safarini, sijui lolote."

"Usikate, kaka." Alibonyeza namba ya wodi, nesi alipopokea akamtajia jina la Zawadi, akaunganisha simu ili wazungumze wote watatu.

"Hongera, baba!" nesi alisema. "Mapacha! Mama yao anakunywa uji."

Mwanamume alicheka, akalia, akacheka tena. Sikudhani alishindwa kujizuia, akapiga kigelegele. Nyuma ya ukuta jirani mmoja akaitikia, kisha mwingine, bila yeyote kujua bado kinashangiliwa nini.