Kijiti cha Kumi

Basi, huyu Sekela alikuwa anajifunza kazi ya kupanga njia za mabasi, na siku ile wakamtuma kituo cha kule juu akakae na karatasi. Akipanda mtu, achore kijiti. Wakitimia watano, kile cha tano akilaze juu ya wenzake. Kituo kikikosa watu kumi kutwa nzima kinafutwa, ndivyo ofisi yao ilivyojiamulia.

Miezi minne yuko mji ule, hajapata mtu wa kumwita kwa jina. Sasa pale benchini palikuwa na bibi mmoja, Bi Nunu, tangu asubuhi hapandi basi lolote.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Niende wapi, mwanangu? Nakuja hapa nisalimiwe. Nyumbani nina kuku tu, nao hawaitikii. Waitwa nani?"

"Sekela."

"Sogea huku, Sekela, jua litakuunguza."

Wakala muhogo wa bibi. Jioni basi la mwisho likaja, na vijiti ni tisa.

"Bibi, panda leo tu, ushuke hapo mbele. La sivyo watang'oa hili benchi!"

"Nitarudije na miguu hii? Mimi wa kukaa tu, mama."

Kondakta akagonga bati. "Dada, unapanda au unaaga?"

Sekela akapanda yeye mwenyewe, wala hakuuliza basi linakwenda wapi. Dirishani akamwona Bi Nunu peke yake, anapunga mkono, anaita, "Sekela! Sekela!" Na kalamu iko juu ya vile vijiti vinne vya mwisho vilivyosimama, bado haijagusa karatasi.