Mkwaruzo kwenye Gitaa

Paa! Kidude kiliruka, kikagonga mlango wa kabati, kikaanguka sakafuni vipande viwili. Mke wa mpiga gitaa akabaki ameshika bisibisi, mdomo wazi. Kwenye ubao mweusi wa gitaa la mumewe palikuwa na mkwaruzo mweupe, urefu wa ukucha.

"Mungu wangu, nimekwisha," akasema peke yake.

Na alikuwa ameambiwa! Fundi wa magitaa, alipomuuzia vile vidude vitatu vipya vya kuzungusha ili kurekebisha sauti, alimweleza taratibu kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Bisibisi weka mbali kabisa, mama. Pitisha kitambaa chini ya kidude, kizungushe shingoni mwake, ushike ncha zote mbili, uvute juu polepole. Kikikataa usishindane nacho, niletee. Na kipya kikilegea, niletee vilevile." Vya zamani viwili vya kwanza vilitoka kwa kitambaa bila taabu. Cha tatu, kile cha kuongezea sauti, kikagoma, naye ni mtu ambaye akigomewa na kifuniko cha chupa hukitukana. Akachukua bisibisi.

Alitaka kumfurahisha mumewe tu, jamani. Kiharusi kilikuwa kimeulaza mkono wa kulia, mkono uliolisha nyumba ile tangu waoane, na baada ya mazoezi mengi vidole vilianza kurudi. Kijiko alishaweza kukishika. "Nafasi yako ipo, kaka," kiongozi wa bendi alimwambia, "wewe tuletee huo mkono tu." Mke akaona ni vizuri gitaa nalo lipendeze, limpe hamu.

Sasa tazama. Kidude kipya kilicheza juu ya kijiti chake cha chuma kama pete ya kuazima. Kurudi kwa fundi ni kuulizwa maswali, na mume alikuwa njiani anarudi kutoka mazoezi ya mkono. Akaitafuta ile gundi aliyounganishia kandambili, akaimimina ndani ya tundu la kidude mpaka ikafurika chini kwenye ubao, akakibana kidude kwa dole gumba hadi kikatulia. Mkwaruzo akaupaka rangi ya viatu. Akarudi nyuma, akaangalia. Usipoambiwa, huoni.

"Wewe mwanamke una balaa," akajiambia, nusu anacheka, nusu anachungulia mlango.

Jioni mume akaliona, uso ukamchanua.

"Nani kafanya haya?"

"Kwani humu ndani kuna wanawake wangapi?"

Akacheka, akaliweka gitaa pajani, akamwomba amwache peke yake kidogo. Mke akaenda jikoni, akaosha sufuria iliyokuwa safi, masikio yote yako chumbani. Hakusikia kitu. Aliporudi, gitaa lilikuwa limefunikwa shuka na mume amelala ameelekea ukutani.

"Vipi?"

"Hamna kitu. Nimechoka."

Ameuona mkwaruzo, mke akawaza.

Kesho yake mume alimpigia simu kiongozi wa bendi: watafute mpiga gitaa mwingine, yeye basi. Hata kwenye mazoezi ya mkono hakwenda tena. Mke akambembeleza, akawaita mashemeji zake nao wakambembeleza, wapi! Vidole vikaanza kujikunja kidogo kidogo, mpaka kijiko kikahamia mkono wa kushoto.

Mke alijua kosa ni lake. Gitaa lile mume alilipata kabla hajampata yeye. Mara ngapi wametaniana kwamba yeye ndiye mke mdogo? Halafu akalikwaruza kwa bisibisi, akalipaka rangi kama kiatu. Mtu akifanyiwa hivyo na wa nyumbani kwake, hamu ya muziki ataitoa wapi? Kila alipofungua kinywa aseme, aliishia kuuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Mume alijibu, "Inatosha, asante mke wangu," na asante hiyo ilimchoma kuliko tusi. Usingizi ulimkimbia. Alikonda hadi majirani wakauliza ni nani hasa mgonjwa katika nyumba ile.

Mvua zilikwisha, zikaja nyingine. Asubuhi moja alikuwa anamfungia mumewe vifungo vya shati, ule mkono umelala kifuani kama si wake, akashindwa. Akakaa chini pale pale sakafuni, akalia.

"Nisamehe, mume wangu. Ni mimi. Nilitumia bisibisi, nikakivunja kile kidude chako cha zamani, nikaliumiza gitaa lako. Mkwaruzo nikaufunika kwa rangi ya viatu. Najua uliuona, ndiyo maana ukaacha kila kitu, na hujanisema hata siku moja. Bora ungenisema!"

Mume alimtazama, haelewi.

"Mkwaruzo gani? Mimi sijaona mkwaruzo wowote," akasema. "Siku ile nilijipa mtihani. Nilisema vidole hivi vikiweza kukizungusha kile kidude cha kuongezea sauti tu, basi narudi kwenye bendi. Nikajaribu mpaka jasho likanitoka, mke wangu, na hakikusogea hata kidogo."